Neno "Ardhi" na Treni ya Mdogo Wangu

Niliporudi nyumbani Sange likizo iliyopita, nilikuta msumari mrefu umepigwa ardhini nje ya dirisha la chumba cha mdogo wangu. Kando yake palikuwa na kopo la maji. Kutoka kwenye msumari ule waya mweusi ulipanda ukutani, ukapita dirishani na kuishia mezani, kwenye kibao cha elektroniki kilichokuwa na doa la kuungua katikati. Nilimwuliza maji yale ni ya nini. Akanijibu bila kuniangalia: "Yaya, wewe ulisema hii waya inaenda mu ardhi. Udongo ilikuwa inakauka, ndiyo maana nilikuwa naimwangia maji."

Sisi wa kitivo hiki tunafundishwa njia za kuunda istilahi: kutohoa, kutafsiri, kuunganisha maneno, kufufua maneno ya zamani. Nimefaulu mitihani ya somo hilo. Lakini siku nilipompa istilahi mtu aliyezihitaji kwa kazi ya mikono yake, wala si kwa alama za mtihani, nilisababisha kifaa chake kiungue. Nataka kueleza jinsi ilivyotokea, kwa sababu nadhani kosa lile si langu peke yangu.

Mdogo wangu ana miaka kumi na saba. Aliacha shule akiwa mwaka wa pili wa sekondari. Fizikia ilifundishwa kwa Kifaransa, na Kifaransa kilimshinda kabla fizikia haijapata nafasi ya kumshinda. Sasa anafanya kazi kwa fundi wa pikipiki kando ya barabara ya taifa namba 5, ile inayotoka Bukavu, inateremka milima ya Ngomo hadi Kamanyola, kisha inafuata uwanda wa Ruzizi kwenda Uvira. Jioni hutengeneza redio na simu za majirani. Redio iliyonyamaza huifungua, huiangalia kwa muda, hugusa hapa na pale, nayo huanza kusema.

Wazo la treni lilitoka kwa babu yetu, ambaye nyumbani tunamwita tate. Tate ana zaidi ya miaka 80. Alipokuwa mtoto, uwanda wetu ulikuwa na reli: Reli ya Kivu, iliyoitwa kwa kifupi CEFAKI. Ilianzia upande wa Uvira, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, ikapanda uwanda hadi Kamanyola. Mpango wa kuifikisha Ziwa Kivu haukutimia, kwa hiyo mizigo ilishushwa Kamanyola na kuendelea Bukavu kwa barabara. Reli ile ilifungwa kabla ya uhuru wa 1960. Leo kijana wa Sange anaweza kuzeeka bila kuona treni. Mdogo wangu alisikiliza hadithi hiyo tangu utotoni, na mwaka jana akaamua kumjengea tate treni ndogo, itakayotembea mezani.

Aliijenga kwa vitu alivyokuwa navyo. Reli ni waya mnene wa kufungia nondo, ulionyooshwa kwa nyundo. Mataruma ni vipande vya mwanzi. Kichwa cha treni ni kopo la samaki wa sadini. Magurudumu ni vizibo vya soda kwenye ekseli ya mrija wa kalamu, na mota ndogo ilitoka kwenye mashine ya DVD iliyokufa. Reli moja inapeleka umeme na nyingine inaurudisha. Magurudumu yanauchukua na kuufikisha kwenye mota. Hadi hapo hakumhitaji mtu yeyote. Alipounganisha betri ya pikipiki, treni iliruka kutoka relini na kuanguka chini ya kitanda. Ilikuwa na mwendo mmoja tu: mbio.

Alitaka treni ianze polepole, isimame kwenye kituo, kisha iondoke. Nilisoma kwamba kazi hiyo inaweza kufanywa na Arduino, kibao kidogo cha kuprogramia kilichobuniwa mjini Ivrea, Italia, mwaka 2005, ili wanafunzi wasio wahandisi nao waweze kutengeneza vitu vinavyotii amri. Nilikipata Bukavu kwa dola 15, pamoja na kibao cha pili cha kuendeshea mota, nikavituma Sange kwa dereva wa teksi. Kwa kuwa maelezo yote yalikuwa kwa Kiingereza, tulipatana kwamba mimi nitayasoma na kumtumia ujumbe wa sauti kwa Kiswahili.

Nilijisikia fahari. Niliandaa daftari la istilahi kwa Kiswahili sanifu, nikiwa nimeapa kutotumia neno hata moja la Kifaransa. Sikutaka lugha iliyomfukuza shuleni imfuate mpaka mezani kwake.

Neno la kwanza lilikuwa "mkondo". Lilifanya kazi vizuri kuliko nilivyotarajia. Mama yetu analima mpunga, na mdogo wangu amefungua na kuziba mifereji tangu akiwa na miaka saba. Nilimwambia umeme unatembea kama mkondo wa maji, volti ni kama kimo cha mahali maji yanapotoka, na ukinzani ni kama mfereji mwembamba unaoyabana maji. Aliuliza maswali mawili tu, kisha akanieleza mwenyewe kwa nini waya mwembamba unapata moto. Si ajabu: umeme wenyewe unaowaka Bukavu unatoka kwenye maji ya mto Ruzizi.

Neno la pili, "kitanzi", lilikwama. Programu ya Arduino ina sehemu mbili: moja inatekelezwa mara moja kibao kinapowashwa, nyingine inarudiwa bila kikomo. Hiyo ya pili nilimwambia inaitwa kitanzi. Akacheka: "Unataka kuninyonga?" Kwake kitanzi ni kamba ya shingoni, na hakuna maelezo yangu yaliyomwondolea picha hiyo. Mwishowe nilimwambia hivi: asubuhi mama anatandaza nyanya zake sokoni mara moja, baada ya hapo anauza, mteja huyu, mteja yule, mpaka jioni. Tangu siku hiyo sehemu ya kwanza anaiita "kutandaza" na ya pili "kuuza". Ilinifurahisha, lakini daftarini sikubadilisha. Niliacha "kitanzi", nikaandika pembeni: mazungumzo ya kawaida.

Ndipo likaja neno la tatu.

Kwenye kibao kile pana matundu yaliyoandikwa GND. Ni kifupi cha neno la Kiingereza lenye maana ya ardhi. Maelezo yalisema kwamba GND za vifaa vyote lazima ziunganishwe. Nikamtumia ujumbe: "Waya mweusi unatoka kwenye ardhi ya kibao. Usisahau kuunganisha ardhi, bila ardhi treni haitakutii." Nilihakikisha neno, nilihakikisha ngeli, nikalala.

Sasa tazama alivyofikiri, kwa sababu alifikiri vizuri. Nilikuwa nimemwambia umeme ni mkondo wa maji. Na mkondo wa maji ya mpunga unaishia wapi? Unanyweka ardhini. Kwa hiyo alipiga msumari, akaufunga waya wa kibao, na alipoona udongo umekauka, akaumwagia maji ili unywe vizuri. Kila hatua ilifuata ile niliyomfundisha. Kosa lilikuwa kwenye neno.

Kibao chake kilipata umeme kutoka kwenye betri ya kuchajia simu. Mota iliendeshwa na betri ya pikipiki kupitia kibao cha pili. Vifaa hivyo viwili vilipaswa kuunganishwa upande wa hasi, ili amri inayotoka huku ieleweke kule. Volti ni tofauti kati ya sehemu mbili. Pasipo sehemu ya kulinganishia inayojulikana na pande zote mbili, "volti 5" haina maana, kama vile kusema "mita tano juu" bila kusema juu ya nini. Yeye alikuwa amefunga hasi ya betri ya pikipiki mahali pake, kama anavyofanya kila siku gereji. Hakuipeleka kwenye msumari, kwa kuwa hakuna fundi anayeita kile kitu ardhi. Cha ajabu ni kwamba kama angeifunga kwenye msumari uleule, nyaya mbili zingekutana, treni ingetembea, nami nisingejua kosa langu hadi leo.

Treni ilitikisika mara moja moja, kisha ikatulia. Akahisi mkondo ni hafifu, maji hayafiki mwisho wa mfereji. Akafanya kile ambacho mkulima angefanya: akaongeza kimo. Alizileta nyaya mbili za betri ya pikipiki moja kwa moja kwenye kibao, chanya ikaingia kwenye tundu la volti 5. Kibao hicho kina mlango wake wa kupokelea volti 7 hadi 12, wenye kifaa cha kuzipunguza; lakini tundu la volti 5 halina mlinzi. Volti 12 ziliingia, na baada ya sekunde chache chumba kikanuka.

Hakuniambia kwa wiki mbili. Nilipopiga simu alisema mtandao ni mbaya, au kazi ni nyingi. Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya dola 15. Alidhani kosa ni lake. Shule ilimzoesha kwamba asipoelewa maneno, tatizo liko kichwani mwake, haliko kwenye maneno. Mimi nilikuja na Kiswahili ili nimtoe katika hali hiyo, kumbe nilimrudisha palepale, safari hii kwa lugha yake mwenyewe.

Kesho yake asubuhi nilimfuata gereji. Pikipiki ilikuwa imelazwa, naye alikuwa akitafuta kwa nini taa haiwaki. Aliweka waya mmoja kwenye chanya ya betri, mwingine akaugusisha kwenye chuma cha fremu, taa ikawaka. "Mase iko muzuri," akasema, "tatizo iko kwa swichi."

Nikamwuliza mase ni nini. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa maji ni nini. Mase ni chuma chote cha pikipiki. Mwe ya betri imefungwa hapo. Umeme ukishafanya kazi kwenye taa, au honi, au stata, unarudi kwa mase, na kwa njia hiyo unarudi kwenye betri. Vifaa vyote vina mase moja. Kifaa kikiwa na mase yake peke yake hakifanyi kazi.

Nikamwambia: "Ile GND, ndiyo mase." Akaacha bisibisi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Sasa kwa nini ulisema ardhi?"

Sikuwa na jibu wakati ule. Ninalo sasa, na ni la kiisimu. Kifaransa kina maneno mawili: "terre", yaani waya unaoshuka kweli ardhini kwa ajili ya usalama wa nyumba, na "masse", yaani upande wa pamoja ambao nyaya za kifaa zinarudia. Kijerumani nacho kinatofautisha hivyo hivyo. Kiingereza cha vitabu vya elektroniki kimezoea kuvitaja vyote viwili kwa neno la ardhi, na msomaji anatambua maana kwa muktadha. Mafundi wa Kivu walirithi tofauti ya Kifaransa, wakaipa sauti ya Kiswahili na ngeli ya Kiswahili: mase yangu, mase zote, imegusa mase. Mimi nilitupa neno hilo kwa kuwa lina asili ya Kifaransa, nikachukua picha ya Kiingereza na kuivalisha nguo ya Kiswahili. Nilidhani ninasafisha lugha. Nilichofanya ni kufuta tofauti ambayo lugha ya gereji ilikuwa nayo tayari, na tofauti hiyo ndiyo iliyolinda kibao.

Nilibaki gereji siku tatu, kisha nikaenda kwa mafundi wa redio sokoni. Niliandika bila kusahihisha. Wanasema plisi na mwe kwa chanya na hasi, fizibule kwa fyuzi, bobini kwa waya uliozungushwa, kusude kwa kulehemu. Hayo yametoka kwenye Kifaransa. Lakini nilipata pia maneno ambayo hayakuomba chochote kwa mtu. Betri ndogo za tochi ni majiwe. Nikakumbuka kwamba Waganda huziita makaa kwa lugha yao, kila jamii ikiwa imeuona umbo lake. Kuondoa plastiki ya waya ni kuuchuna. Shaba iliyo ndani ni roho ya waya. Fundi mmoja alipomwambia mwanafunzi wake "chuna waya mpaka uone roho", mwanafunzi hakuuliza kitu. Alichuna.

Najua pingamizi litakalotolewa katika kurasa hizi, na nalichukulia kwa uzito. Fundi wa Mwanza au Mombasa hajui mase. Nchi yetu imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Kiswahili kisichoeleweka ng'ambo ya ziwa kinatupunguzia faida. Zaidi ya hayo, kazi ya istilahi sanifu ni kazi kubwa na ya heshima. TUKI ya Dar es Salaam ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Bila kazi za namna hiyo nisingekuwa na "mkondo" wa kumpa mdogo wangu, na "mkondo" lilikuwa neno bora katika daftari langu lote.

Kwa hiyo sisemi kwamba neno la gereji siku zote lina haki. Wala sidai kwamba Afrika Mashariki yote iseme mase. Ninachotetea ni tofauti yenyewe. Atakayetaka neno la Kibantu kwa upande wa pamoja wa umeme alitafute, nami nitalipokea, mradi lisiwe lilelile tunalotumia kwa waya unaoshuka ardhini. Na kabla hajaliandika kwenye kamusi, akae asubuhi moja na mtu mwenye bisibisi, amwambie neno hilo bila maelezo, halafu aangalie mkono wake unakwenda wapi. Mkono wa mdogo wangu ulikwenda kwenye nyundo na msumari. Ningekuwa chumbani kwake siku ile, ningelifuta neno lile mara moja.

Daftari langu sasa lina safu tatu: neno la vitabu, neno la mafundi, na kile mtu anachofanya anapolisikia. Safu ya tatu ndiyo ngumu kujaza, kwani haijazwi ukiwa maktaba. Nimemwomba msimamizi wangu niifanye kuwa kazi yangu ya kumaliza masomo. Amekubali, kwa sharti kwamba nieleze pia ngeli za maneno yote.

Kibao cha pili tulikinunua kwa kuchangiana, nusu kwa nusu. Mdogo wangu aliunganisha mase kwanza kabla ya kitu kingine chochote, akavuta waya mara mbili kuhakikisha. Mwendo wa mota kibao hiki kinaupanga kwa kuwasha na kuzima umeme haraka sana, kwa vipimo kutoka 0 hadi 255. Alianza na 90. Treni ilitetemeka, ikasonga. Ilizunguka meza polepole, ikapita mbele ya jicho la mwanga tulilolitegesha, ikasimama, ikahesabu sekunde tano, ikaondoka tena. Mama alipiga vigelegele. Watoto wa jirani walijaa dirishani, wakikanyaga mahali palipokuwa na msumari.

Tate alikuwa ameketi kwenye kiti chake, fimbo kati ya magoti. Aliitazama ikizunguka mara nne, tano, sita. Tulimsubiri aseme neno.

"Ni muzuri," akasema. "Lakini ile yetu haikuwa inazunguka. Ilikuwa inafika Kamanyola, inashusha mizigo, inarudi."

Mdogo wangu hakusema kitu. Usiku huo aling'oa reli yote. Nilipokuwa nimesharudi Bukavu, niliona picha aliyonitumia: reli imenyooka kutoka ncha moja ya meza hadi nyingine, kipande cha boksi kimeandikwa Uvira huku, Kamanyola kule. Chini yake palikuwa na ujumbe wa sauti. Alitaka treni ikifika mwisho igeuze umeme, reli iliyokuwa inapeleka ianze kurudisha, na iliyokuwa inarudisha ianze kupeleka, ili mota izunguke kinyume. Aliniuliza: "Yaya, hiyo mu programu inaitwa namna gani?"

Nilikuwa nalo neno la Kiingereza, na daftarini nilikuwa nimeshaandika la Kiswahili. Nilibonyeza kitufe cha kurekodi, nikamwuliza: "Wewe unaiita namna gani?"